Hivi gari la spoti linalobana mafuta linawanyima usingizi wenye visima, au tunadanganyana?

#1 Mwana wa Pasiansi
Mwangaluka wakuu. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya sheli moja hapa Mwanza, upande wa barabara ya uwanja wa ndege, na mbele yangu kulikuwa na gari jeupe la spoti, la milango miwili, lililolala chini kiasi kwamba kijana wa pampu alichuchumaa ili asikie anachoagizwa. Mwenye gari alijaza lita 15, akalipa, kisha akatuambia sisi tuliokuwa tukilishangaa kwamba gari hilo ni haibridi, yaani lina injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, kwamba lita moja inampeleka kilomita 18, na kwamba siku magari ya wapenda mbio yatakapokuwa yote ya namna hiyo, kampuni za mafuta zitafunga milango. Dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yangu alicheka mpaka akashika usukani, lakini alipoulizwa anacheka nini hakuwa na jibu, na mimi nimerudi nyumbani bila jibu vilevile.

Swali langu ni hili: gari la spoti linalobana mafuta lina maana yoyote kwa biashara ya mafuta ya dunia, au kazi yake ni kumpa mwenyewe la kujisifia akiwa sheli? Mwenye hesabu alete hesabu.

#2 Mhasibu Mstaafu
Hesabu hii si ngumu. Tuchukue Porsche 918 Spyder, gari la haibridi lililotengenezwa kuanzia 2013 hadi 2015, ambalo idadi yake haina ubishi kwa kuwa yalitengenezwa 918 tu. Nitawafanyia wamiliki wake ukarimu wasioustahili, nikadirie kwamba kila gari linatembea kilomita 10,000 kwa mwaka (ingawa nina hakika mengi yamefunikwa turubai), na kwamba kila kilomita 100 linaokoa lita 8 likilinganishwa na gari la nguvu ileile lisilo na mota ya umeme. Hiyo ni lita 800 kwa gari moja, na lita 734,400 kwa magari yote. Ukigawanya kwa pipa la lita 200 unapata mapipa 3,672 kwa mwaka mzima. Dunia inatumia takriban mapipa milioni 100 kwa siku, maana yake ni mapipa 1,157 kila sekunde, kwa hiyo jasho la mwaka mzima la magari yale yote linafidia sekunde 3 na kidogo. Yule wa bajaji alikuwa na haki ya kucheka, hata kama hakujua kwa nini.

#3 Mama Mwaloni
Shikamoo mzee. Pipa ulilotumia ni hili la chuma tunalowekea mafuta ya boti huku Mwaloni, ambalo vijana hulibingirisha kwa miguu kutoka kwenye gari hadi ukingoni mwa maji. Pipa linalotajwa kwenye soko la mafuta la dunia ni lita 159, nalo halina bati wala kizibo, ni kipimo cha kwenye makaratasi tu. Rudia hesabu.

#4 Mhasibu Mstaafu
Marahaba binti yangu, nimekamatwa. Kwa lita 159 tunapata mapipa 4,619, yaani sekunde 4. Nimewaongezea wenye Porsche sekunde moja, na hapo ndipo ukarimu wangu unapokoma.

#5 Fundi wa Igoma
Mwanzisha uzi, kwa maelezo yako hilo ni Honda CR-Z, iliyotengenezwa kati ya 2010 na 2016, yenye injini ya cc 1500 na mota ndogo ya umeme inayoisaidia wakati wa kuondoka. Kilomita 18 kwa lita si uongo kama dereva ana mguu mwepesi, ila kuliita gari la spoti ni kulipandisha cheo, kwa sababu Subaru yoyote ya turbo iliyotunzwa vizuri italiacha kabla ya kufika Nyakato. Ni gari la kawaida lililoshonewa suti.

Niongeze jambo la gereji, kwa kuwa nimeona watu wananunua magari haya kwa kuangalia kilomita kwa lita peke yake. Betri ya haibridi iliyokaa miaka mingi Japani, ikaja kupikwa na jua letu, ikichoka inaanza kwa kupuliza feni muda wote, kisha taa zinawaka kwenye dashibodi kama harusi, na hapo ulaji wa mafuta unapanda bila mwenye gari kuelewa. Mwezi uliopita nimefungua betri ya mteja mmoja nikakuta tundu la kupitishia hewa limezibwa na manyoya ya paka na maganda ya karanga. Akiba yote ya mwaka ilikwenda kwenye kazi ile.

#6 Mwalimu wa Hesabu, Nyegezi
Sina ugomvi na sekunde 4 za mzee, lakini kuna mtego ambao karibu kila mtu huingia, nao ni kuhesabu kwa kilomita kwa lita badala ya lita kwa safari. Chukua gari lafi, liwe la spoti au shangingi, linalokwenda kilomita 5 kwa lita, ulifikishe kilomita 7. Halafu chukua IST ya kilomita 15 kwa lita uifikishe 20. Wengi watasema IST ndiyo iliyoendelea zaidi kwa kuwa imeongeza kilomita 5 na lile limeongeza 2 tu. Sasa yatembeze yote kilomita 10,000: gari lafi lilikuwa linakunywa lita 2,000 na sasa linakunywa 1,429, limeokoa 571, IST ilikuwa inakunywa lita 667 na sasa ni 500, imeokoa 167. Kwa gari moja moja, anayebana mafuta kwenye gari lafi ameokoa zaidi ya mara tatu ya mwenzake.

Kwa hiyo tatizo la gari la spoti ni uchache wake, wala si kwamba halibani. Ubanaji huohuo ukihamia kwenye mapikapu na mashangingi, ambayo yapo kwa mamilioni, mazungumzo yanabadilika.

#7 Mwana wa Pasiansi
Mwalimu, hapo nimejifunza kitu. Lakini si ndiyo hoja ya wapenda magari, kwamba teknolojia huanza kwenye gari la tajiri kisha ikashuka hadi kwetu?

#8 Kijana wa Turbo
Ndiyo yenyewe, na nashangaa imechelewa kutajwa. Angalieni mbio: mwaka 2006 Audi walishinda saa 24 za Le Mans kwa gari la dizeli, jambo lililokuwa halijatokea, na mwaka 2012 wakashinda kwa haibridi. Katika Formula 1, mwaka 2014 kila gari liliwekewa kikomo cha kilo 100 za mafuta kwa mashindano yote, na wahandisi walibanwa mpaka mwaka 2017 Mercedes wakatangaza kwamba injini yao, ikiwa kwenye mtambo wa majaribio, imegeuza zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta kuwa mwendo, wakati injini za petroli tunazoendesha zinapoteza sehemu kubwa zaidi kama joto. Elimu hiyo haibaki uwanjani. Leo gari dogo la cc 1000 lenye turbo linafanya kazi iliyokuwa ya cc 1600, na mtu anayelidharau gari la spoti analidharau darasa alilosomea gari lake.

#9 Fundi wa Igoma
Kijana, kwenye haibridi historia imekwenda kinyume na unavyosema. Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, gari la baba wa familia na la teksi, lisilo na haraka yoyote. Porsche, Ferrari na McLaren walipoleta magari yao ya haibridi kuanzia 2013, ubanaji ulikuwa umekwisha kupanda kutoka kwenye teksi kwenda kwa tajiri, na tajiri aliutumia kuongeza kasi. Mota ya umeme kwenye LaFerrari haikuwekwa ili mwenye gari apunguze kwenda sheli.

#10 Kijana wa Turbo
Kwenye haibridi nakubali. Kwenye turbo na uzito mwepesi sikubali, na nitarudi.

#11 Wakili Asiye na Gari
Nadhani mnatafuta jibu gerejini wakati liko kwenye sheria. Baada ya nchi za Kiarabu kufunga mabomba mwaka 1973, Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 iliyomtaka kila mtengenezaji afikishe wastani fulani wa ulaji wa mafuta kwa magari yote anayouza kwa mwaka. Zingatieni neno wastani. Ulaya nao wakaja na wastani wao wa hewa ya ukaa, gramu 95 kwa kilomita kuanzia 2020, na anayezidisha anatozwa euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, mara idadi ya magari aliyouza.

Sasa, mahali penye wastani, gari linalobana mafuta linakuwa kama mwanafunzi mwenye akili anayebeba darasa zima. Mtengenezaji akiuza haibridi moja amejipatia nafasi ya kuuza jingine kubwa lenye ulafi bila kupigwa faini. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Fiat Chrysler wanailipa Tesla ili magari ya umeme ya Tesla yahesabiwe pamoja na ya kwao huko Ulaya. Magari ni yaleyale, moshi ni uleule, ila wastani umependeza. Kwa hiyo kule kwenye masharti ya namna hiyo, kijana wa CR-Z huenda hakuokoa hata lita moja ya dunia, maana lita alizoziacha zilinywewa na pikapu ya mtu mwingine. Na mtengenezaji mdogo, asiyefikisha magari 10,000 kwa mwaka katika soko la Ulaya, ana ruhusa ya kuomba lengo lake la peke yake, jambo linaloonyesha kwamba hata watunga sheria hawakuona sababu ya kuhangaika na magari machache ya fahari.

#12 Dereva wa Masafa
Habari za jioni. Mimi ndiye ninayewaletea hayo mafuta mnayoyahesabu, kwa hiyo naomba dakika moja. Lori langu linabeba lita 38,000 kutoka Dar hadi Mwanza, kilomita zinazokaribia 1,150 kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Nikiwa na mzigo sipati hata kilomita 2 kwa lita. Kule Sekenke nateremka kwa gia ndogo huku nanusa breki za wenzangu, na wakati wa kurudi mtupu napandia palepale kwa unafuu. Kwenda na kurudi naweka karibu lita 1,000 za dizeli. Maana yake ni kwamba kwa kila lita 38 zinazoingia kwenye matangi yenu, lita moja imekwisha kuchomwa njiani.

Hizo lita 1,000 zingempeleka huyo mwenye Honda kilomita 18,000. Nafanya safari tatu au nne kwa mwezi, na barabarani hatupungui. Kama kuna kampuni ya mafuta inayokosa usingizi, itakuwa inaota malori, meli na ndege, kwa sababu petroli yenyewe ni kama robo tu ya mafuta yote yanayotumika duniani.

#13 Mwana wa Pasiansi
Dereva, asante. Kumbe na sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunapolalamika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei, na kuona Mwanza iko juu ya Dar, sehemu ya tofauti hiyo ni wewe.

#14 Dereva wa Masafa
Ni mimi, breki zangu, na chakula changu cha Nzega.

#15 Mama Mwaloni
Mnaongea kana kwamba mtu akipewa chombo kinachobana mafuta, mafuta yanabaki. Niwasimulie ya kwangu. Nilikuwa na injini mbili za boti za ile aina ya zamani ya kuchanganya petroli na oili kwenye dumu, oili moja kwa petroli hamsini, na kijana akizidisha oili boti zima linanuka moshi mpaka dagaa wananunuliwa kwa masharti. Nikabadilisha moja, nikanunua injini ya kisasa isiyochanganywa oili, na kweli kwa safari ileile ya kutoka hapa hadi kwenye maji tuliyozoea ilikuwa inarudi na dumu moja halijaguswa. Nilifurahi kwa mwezi mmoja. Mwezi wa pili vijana wakasema, kama mafuta yanabaki kwa nini tusiende mbele zaidi ambako nyavu hazijapita? Sasa wanavuka hadi upande wa Ukara, wanarudi jua limepanda, na daftari langu la mafuta linasoma kiasi kilekile cha zamani. Samaki wameongezeka kidogo, sikatai. Mafuta hayajapungua hata dumu.

#16 Mwalimu wa Hesabu, Nyegezi
Mama, ulichokieleza kiliandikwa mwaka 1865 na Mwingereza William Stanley Jevons kuhusu makaa ya mawe: injini za mvuke zilipoboreshwa, Uingereza ilichoma makaa mengi zaidi badala ya machache, kwa kuwa injini nafuu ilipata kazi nyingi zaidi. Wachumi wengi wa leo wanasema mara nyingi akiba hupotea sehemu tu, haipotei yote. Boti lako linaonekana kuwa upande wa Jevons.

Kuna kisa kingine cha ziwa hilihili kinachokwenda kinyume. Taa za kuvulia dagaa zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na sasa wengi wamehamia kwenye taa za betri na za jua. Mafuta ya taa yaliyokuwa yakichomwa usiku kucha juu ya maji yamepungua kweli.

#17 Mama Mwaloni
Yamepungua, mwalimu, lakini na taa zimeongezeka kwa kila mtumbwi, kwa sababu sasa mwanga ni rahisi. Angalia ziwa usiku usio na mwezi ukiwa Capri Point, utadhani kuna mji mwingine mbele.

#18 Bodaboda Msomi
Nimesoma uzi wote nikiwa kijiweni Buhongwa. Hakuna aliyetutaja sisi. Pikipiki yangu inakwenda kilomita 40 kwa lita na zaidi, yaani kwa lugha ya Fundi inanusa tu, lakini inatembea tangu alfajiri mpaka usiku, na mwenzangu kijiweni vilevile, na kijiwe kinachofuata vilevile. Kule Asia pikipiki na bajaji za umeme zimeenea kwa mamilioni, bila mtu kuzipiga picha za magazeti. Gari la spoti la umeme linazungumzwa na watu milioni na kununuliwa na elfu moja. Pikipiki ya umeme haizungumzwi na mtu, na inanunuliwa.

#19 Kijana wa Turbo
Nimerudi kama nilivyoahidi, na Bodaboda Msomi amenifungulia mlango bila kujua. Umesema gari la spoti linazungumzwa, na kuzungumzwa ndiko kulikofanya kazi. Kabla ya 2008 gari la umeme lilikuwa kichekesho, kitu cha kubebea wazee kwenye uwanja wa gofu. Tesla walianza na Roadster, gari la spoti lililojengwa kwa msingi wa Lotus Elise, wakauza takriban 2,450 tu duniani kote, na kwa hesabu za Mhasibu hayo hayafiki hata dakika. Lakini watu waliona kwamba umeme unaweza kukimbia, wenye fedha wakaacha kucheka, na mwaka 2012 ikafuata Model S. Lita zilizookolewa na Roadster zenyewe si kitu. Aibu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa na thamani.

#20 Wakili Asiye na Gari
Hoja nzuri, ila inampa gari sifa ya serikali. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yalikuwa ya umeme, walifika hapo kwa miaka mingi ya kuyasamehe kodi magari ya umeme na kuyabebesha ya petroli kodi nzito. Na zingatieni kwamba Norway hiyohiyo inaendelea kuchimba mafuta baharini na kuyauza nje.

Hata hapa kwetu kodi ndiyo inayosema. Mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na fidia yake ikawekwa kwenye ushuru wa mafuta, kwa hiyo anayetumia mafuta kidogo analipia barabara kidogo, na wa umeme akichaji nyumbani halipi kabisa kwa njia hiyo. Mtu wa kwanza kukosa usingizi kwa ajili ya magari yanayobana mafuta anaweza kuwa ofisa wa hazina, wala si mwenye kisima.

#21 Mtazamaji wa Kirumba
Samahani kwa kuchelewa. Naona mnasahau kwamba kampuni za mafuta zenyewe zinayapenda magari ya spoti. Nembo ya Shell iko kwenye Ferrari kwa miongo mingi, Petronas wako na Mercedes tangu 2010, Aramco wako na Aston Martin. Adui humpaki rangi zako ubavuni. Wanauza oili, wanauza petroli ya daraja la juu, na zaidi wanauza wazo kwamba mafuta ni kitu cha ujana na kasi.

Na kuhusu zile kilo 100 za Formula 1 alizozitaja Kijana katika bandiko namba 8, waandaaji wenyewe walichapisha hesabu ya hewa ya ukaa ya msimu wa 2019: tani 256,551 kwa jumla, ambapo injini za magari ya mbio zilichangia asilimia 0.7 peke yake. Kusafirisha vifaa ilikuwa asilimia 45, na safari za watu asilimia 27.7. Gari limebanwa mpaka kwenye tone, ndege inayolibeba haijabanwa.

#22 Dereva wa Masafa
Ndicho nilichosema kuhusu Sekenke, ila huyu amekileta na asilimia.

#23 Msukuma wa Geita
Wakuu, mnajadili vigari wakati bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linatupitia. Petroli ikianza kutiririka humo, bei ya Mwanza itashuka na Dereva wa Masafa atafute kazi nyingine.

#24 Mhasibu Mstaafu
Mkuu wa Geita, safari hii ni zamu yangu kusahihisha. Bomba hilo la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani huko Tanga, litapitisha mafuta ghafi, si petroli. Ni ghafi zito lenye nta, ambalo likipoa linaganda kama samli ya asubuhi, ndiyo maana bomba lenyewe linapashwa joto njia nzima. Likifika Tanga linapakiwa melini kwenda kusafishwa kwingine. Dereva ataendelea kula Nzega.

Lakini umegusa jambo. TotalEnergies na washirika wao wamezika fedha ardhini kwa ajili ya mapipa zaidi ya 200,000 kwa siku, mradi wa miaka mingi. Mtu anayeogopa haibridi hafukii fedha namna hiyo.

#25 Mwalimu wa Hesabu, Nyegezi
Au anafukia haraka kwa kuwa anaogopa, ili auze kabla wanunuzi hawajapungua. Tendo lile lile linaweza kusomwa kwa njia mbili, mzee.

Tena bei ya mafuta haiamuliwi na wastani, inaamuliwa na mapipa ya pembezoni, yaani yale machache yanayozidi au kupungukia mahitaji. Kati ya katikati ya 2014 na mwanzo wa 2016 pipa lilishuka kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya dola 30, na ziada iliyokuwa sokoni ilikuwa ni asilimia chache tu za matumizi ya dunia. Tarehe 20 Aprili 2020, watu walipokaa ndani na matangi yakajaa, mkataba wa mafuta wa Marekani ulifunga siku ukiwa chini ya sifuri, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi ayachukue. Punguzo dogo likiangukia mahali pabaya linauma kuliko ukubwa wake.

#26 Mhasibu Mstaafu
Dogo kiasi gani, mwalimu? Nimechukua Ferrari zote zilizouzwa mwaka 2024, ambazo ni 13,752. Nimeipa kila moja akiba ya lita 500 kwa mwaka. Zinapatikana lita 6,876,000, sawa na mapipa 43,245 (ya lita 159, Mama Mwaloni asinipigie simu). Kwa siku ni mapipa 118. Soko la mapipa milioni 100 halitikiswi na mapipa 118, hata yakiangukia pabaya namna gani.

#27 Mwana wa Pasiansi
Kwa hiyo nikikutana naye tena sheli nimwambie nini?

#28 Fundi wa Igoma
Hutakutana naye hivi karibuni. Gari liko kwangu tangu juzi, au tuseme lilikuwa kwangu. Alipita tuta moja bila kulitazama, bampa la mbele likabaki barabarani pamoja na kipande cha ngao ya chini ya injini, na nilipolipima nikakuta betri ya haibridi nayo imechoka. Zile kilomita 18 kwa lita alizowaambia zilikuwa kumbukumbu. Nimemshauri vifaa vyake avitafute Dar. Leo asubuhi tumelipandisha kwenye Fuso kwa mbao mbili na vijana sita, tukalifunga kamba, likaondoka.

#29 Dereva wa Masafa
Fundi, hilo Fuso lilikuwa linarudi tupu, au limekwenda kwa ajili yake?

#30 Fundi wa Igoma
Lilikuwa tupu, limeshusha mzigo Igoma jana. Dereva alisema angeondoka leo hata bila hilo gari.

#31 Mhasibu Mstaafu
Basi katika safari hiyo hilo gari liandikiwe sifuri, mafuta ni ya mzigo wa kwanza.

#32 Mama Mwaloni
Sifuri ya wapi, mzee? Gari lile halipungui tani moja, na Fuso lenye tani moja mgongoni halinywi sawa na lililo tupu. Dereva wa Masafa, tuambie tani moja inaongeza lita ngapi kutoka hapa hadi Dar.